Askari, Amri na Dhamiri

Muhula uliopita chama chetu cha mijadala kilijadili hoja hii: kwamba askari aliye vitani hana nafasi ya kupima mema na mabaya, kazi yake ni kutii na kushinda. Jioni ile mimi nilikuwa mwenyekiti, kwa hiyo sikuruhusiwa kusema neno ila kugonga kengele. Hoja ilipita kwa kura nyingi, na watu wakaenda kula. Tangu siku ile nimekuwa na deni rohoni, na kwa kuwa mhariri wa sehemu hii ya Kiswahili ameniomba makala ya mafunzo, nataka kulilipa hapa, mahali pasipo na kengele. Najua ya kuwa wavulana watatu wa kidato cha sita wamekwisha kupeleka maombi yao jeshini. Najua pia ya kuwa baadhi ya wanafunzi wetu wa zamani wasomao gazeti hili wamevaa sare miaka mingi. Hao watanisahihisha nikikosea.

Mfano uliotumiwa sana jioni ile ulikuwa wa wachungaji wa mbuzi wa Afghanistan. Nausimulia tena, maana wasemaji wetu waliuharakisha.

Mwezi wa Juni 2005 askari wanne wa jeshi la majini la Marekani, wakiongozwa na Luteni Michael Murphy, waliteremshwa usiku kwa helikopta katika milima ya Kunar, mashariki ya Afghanistan, karibu na mpaka wa Pakistan. Kazi yao ilikuwa kujificha na kumpeleleza kiongozi mmoja wa wapiganaji. Tarehe 28, mchana, wachungaji watatu wakatokea ghafula pale pale walipojificha, pamoja na mbuzi wao. Mmoja wao alikuwa kijana wa miaka kumi na minne hivi. Hawakuwa na silaha. Redio za askari hazikushika vizuri mle milimani, basi hapakuwa na mkubwa wa kuulizwa. Wakiwaua, watakuwa wameua raia wasio na silaha, na mmoja ni mtoto. Wakiwaachilia, yamkini watakwenda kutoa habari. Kuwafunga na kuwaacha mlimani kulikuwa karibu sawa na kuwaua polepole, tena mbuzi wanaozurura bila mchungaji hawakosi kumleta mwenyewe.

Luttrell, mmoja wa wale wanne, ameandika katika kitabu chake cha 2007 kwamba walishauriana na kupiga kura. Wengine, pamoja na babaye Murphy, hawakubali kwamba luteni angeweza kupigisha kura jambo kama hilo. Lakini jinsi walivyotenda inajulikana: wachungaji waliachiliwa.

Baadaye siku ile ile wapiganaji wakawashambulia. Murphy akatoka mafichoni akasimama mahali peupe ili simu yake ipate kushika, akaomba msaada, akapigwa risasi hali akisema. Helikopta iliyokuja kuwaokoa ikatunguliwa, na watu 16 waliokuwamo wakafa wote. Kwa jumla walikufa Wamarekani 19. Katika wale wanne wa kwanza alipona mmoja tu, huyo Marcus Luttrell.

Msemaji wetu wa kwanza alikwenda ubaoni akaandika tarakimu mbili, 3 na 19, akageuka akakaa chini. Wavulana wakapiga meza kwa furaha. Hesabu ilikuwa safi kabisa, nami sina haja ya kumtahayarisha, maana ni mwanafunzi mzuri wa hesabu. Ila hesabu ile ilifanywa na mtu aliyekwisha kujua jibu. Kule mlimani ile 19 haikuwapo. Palikuwa na watu watatu wamekaa chini, wanawatazama askari, na palikuwa na hofu. Tena Mohammad Gulab, mtu wa kijiji cha huko nitakayemtaja tena punde, amesema baadaye ya kwamba wapiganaji walikwisha kujua kufika kwa Wamarekani kwa kusikia helikopta na kufuata nyayo. Kama ndivyo, wachungaji wangeuawa bure, na wale 19 wangekufa vile vile. Msemaji wetu angeandika nini ubaoni?

Mtu aamuapo jambo hupimwa kwa yale aliyoyajua saa ile, au aliyopaswa kuyajua. Mwamuzi wa mpira hafuti penalti kwa sababu mpigaji amekosa goli. Sisi tulimhukumu Murphy kwa jambo lililotokea baada ya saa kadha, jambo ambalo yeye hakuliona.

Kisha kuna sheria. Mapatano ya Geneva ya mwaka 1949 yanakataza kumwua mtu asiyeshiriki katika mapigano, wala hayasemi kwamba yaruhusiwa ikiwa mtu huyo huenda akakusengenya kwa adui. Wasemaji wawili walicheka sheria hii, wakasema imeandikwa na wazee waliokaa vitini. Vijana, mwaka 1949 ulikuwa miaka minne tu baada ya vita kuu ya pili kwisha. Watu waliokaa katika viti vile walikuwa wametoka katika miji iliyobomolewa. Waliandika wakati wa amani kwa sababu walijua jinsi mtu anavyofikiri akiwa mlimani, bila usingizi, redio haishiki.

Na huyu Gulab hakutajwa kabisa katika mjadala wetu. Luttrell alijikokota amejeruhiwa, akakutwa na watu wa kijiji, na Gulab akamchukua nyumbani kwake. Desturi ya Wapashtuni ni kwamba mgeni aliyepokewa hatolewi, hata ikiwa mwenyeji atakufa kwa ajili yake. Wapiganaji wakamtaka Mmarekani yule. Wakamtisha Gulab, yeye na jamaa zake. Gulab akakataa. Baada ya siku chache askari wa Marekani wakamkuta Luttrell yu hai. Je, Gulab angemfungulia mlango kama wachungaji wa jirani wangalikutwa mlimani wamekatwa shingo? Nasikia mnanishika: mwalimu naye sasa anahesabu matokeo! Mna haki. Nafuta swali. Nasema tu kwamba katika habari ile mlikuwa na raia mmoja mwenye watoto aliyetakiwa kuamua juu ya uhai na mauti, wala hakuwa na mafunzo ya jeshi wala mshahara.

Mfano wa pili uko karibu nasi zaidi, na ndio hasa ulionifanya nishike kalamu. Ninyi mtokao Rakai na Masaka mmewasikia wazee wakisimulia mwezi wa Mei 1994, mto Kagera ulipoleta maiti kutoka Rwanda mpaka ziwani, na wavuvi wa Kasensero wakaacha nyavu zao wakazika watu wasiowajua. Turudi nyuma mwezi mmoja kabla ya siku hizo, mpaka shule moja mjini Kigali.

Shule hiyo iliitwa École Technique Officielle, shule ya ufundi ya mapadre wa Don Bosco, mtaa wa Kicukiro. Wakati huo Umoja wa Mataifa ulikuwa na jeshi la kulinda amani nchini Rwanda, watu 2,500 hivi, chini ya Jenerali Roméo Dallaire wa Kanada, na Wabelgiji wapatao 90 walikuwa wamepiga kambi shuleni pale. Usiku wa tarehe 6 Aprili ndege ya Rais Juvénal Habyarimana ilitunguliwa, naye akafa. Mara mauaji ya Watutsi yakaanza, na ya Wahutu waliojulikana kuwa wapinzani wa wenye siasa kali. Watu wa mitaa ya Kicukiro wakakimbilia kwenye bendera ya buluu. Wakafika kama 2,000. Wakalala madarasani, barazani na nje uwanjani. Fikirini uwanja wetu wa mpira na madarasa haya tunayoyajua, na mama zenu na wadogo zenu wamekaa humo na vikapu vyao. Nje ya ua wakakaa Interahamwe na mapanga na marungu, wakingoja.

Amri waliyokuwa nayo askari wa Umoja wa Mataifa ilikuwa kutumia silaha kwa kujilinda. Dallaire, katika sheria za kutumia silaha alizoziandika mwaka 1993, alikuwa ametia kifungu kilichosema kwamba maovu juu ya watu kwa ajili ya kabila au siasa yao huenda yakawalazimisha askari wake kutumia kila njia kuyazuia. Aliipeleka karatasi hiyo New York akaomba ithibitishwe. Jibu halikuja. Mnaelewa maana yake? Ofisa aliye getini hana ndiyo wala hapana. Ana ukimya wa wakubwa, na ukimya hauwezi kuonyeshwa mbele ya baraza la kijeshi.

Tarehe 7 Aprili Wabelgiji kumi waliokuwa wametumwa kumlinda Waziri Mkuu, Bibi Agathe Uwilingiyimana, walizungukwa, wakaweka silaha chini, wakapelekwa kambini kwa askari wa Rwanda, wakauawa. Waziri Mkuu aliuawa siku ile ile. Habari hiyo iliitikisa Ubelgiji, na serikali yake ikaazimia kuwatoa askari wake wote.

Tarehe 11 Aprili askari wa Kifaransa walifika shuleni wakawachukua Wazungu. Halafu Wabelgiji nao wakaamriwa kwenda uwanja wa ndege. Mkuu wao pale alikuwa ofisa aitwaye Luc Lemaire. Watu walipoyaona magari yanawashwa walitambua. Wengine walilala chini mbele ya magurudumu. Askari wakapiga risasi hewani ili njia ifunguke. Walionusurika na askari wenyewe wamesimulia kwamba wako walioomba wauawe kwa risasi na wale walinzi wao, kuliko kuachiwa mapanga. Magari yakatoka.

Wauaji wakaingia. Umati ukajaribu kwenda uwanja wa michezo wa Amahoro, ambako walikuwako askari wengine wa Umoja wa Mataifa. Wakazuiwa njiani, wakageuzwa, wakaswagwa mpaka kilima cha Nyanza. Huko waliuawa kwa makombora ya mkono, bunduki, marungu na mapanga. Waliopona ni wachache, na wengi wa hao walilala kati ya maiti.

Sasa narudi kwenye hoja yetu. Kazi ya askari ni kutii. Lemaire alitii. Hakuua mtu, hakuiba, hakukimbia. Aliamriwa na wakubwa wake, akaitimiza amri bila kumpoteza hata askari mmoja. Kwa kanuni iliyopitishwa na chama chetu kwa kura nyingi, anastahili alama zote. Niliwauliza wasemaji wa upande wa kuunga mkono, baadaye, kwenye chai, kama wako tayari kumpa. Mmoja alikoroga chai yake muda mrefu sana.

Lakini sitaki tumgeukie mtu huyu kwa mawe, kwa kuwa ni rahisi mno. Alikuwa na watu 90 na silaha za kulinda kambi tu. Wenzake kumi walikuwa wamekufa siku nne kabla. Wafaransa walikwisha kwenda, na hakuna aliyemwahidi msaada. Ofisa akataaye amri ya kuondoka hajitoi mhanga peke yake, bali anawatoa watu 90 ambao mama zao wangemwuliza yeye. Hilo ni jambo ambalo sisi wenye kujadili hulisahau: kadiri mtu anavyopanda cheo, ndivyo anavyozidi kucheza na uhai usio wake.

Upande wa pili wa mizani kuna jambo moja, na mimi siwezi kuliondoa. Siku zile tangu tarehe 7 mpaka 11 wauaji walikuwa wengi, wana silaha, na ua wa shule si ngome. Hawakuingia. Kilichowazuia ni kuwako kwa askari. Kwa hiyo kuondoka hakukuwa sawa na kutofanya kitu. Tumezoea kusema kwamba kuua ni tendo na kuacha ni kutotenda, na mara nyingi ni kweli; lakini mtu ashikaye mlango dhidi ya mafuriko, akiuachilia, ametenda jambo.

Hata majaji hawakupatana. Mwaka 2010 mahakama moja ya Brussels iliamua kwamba uamuzi wa kuwaacha watu wale ulikuwa wa Ubelgiji, nayo yawajibika. Mwaka 2018 mahakama ya rufani ikaamua kinyume chake. Watu wenye vitabu, mawakili na miaka mingi ya kusoma hati walitofautiana juu ya jambo ambalo ofisa mmoja alitakiwa kulitimiza mchana ule ule. Kuhusu wauaji hapakuwa na shaka. Lemaire mwenyewe alikwenda Arusha kutoa ushahidi mbele ya mahakama ya kimataifa katika kesi ya Georges Rutaganda, mmoja wa wakuu wa Interahamwe, na Desemba 1999 Rutaganda alihukumiwa kifungo cha maisha. Mwenye kuua ndiye muuaji. Tusije tukamsahau huyo kwa kumtazama aliyeondoka.

Katika jeshi lile lile, mji ule ule, chini ya amri zile zile, alikuwako Kapteni Mbaye Diagne wa Senegal. Alikuwa mtazamaji wa kijeshi, hana silaha. Amri kwa watazamaji ilikuwa wasijitie katika kuokoa watu. Diagne tangu mwanzo aliwatoa watoto wa Waziri Mkuu aliyeuawa, akawaficha hotelini, wakapata kusafirishwa nje ya nchi. Baada ya hapo hakuacha. Aliwachukua watu wachache wachache katika gari lake, akapita nao katika vizuizi vya barabarani, akiwachekesha wauaji, akiwapa sigara, akiwapa fedha, akijua majina yao. Dallaire alijua kwamba amri inavunjwa, lakini hakumwadhibu. Tarehe 31 Mei 1994 kombora lilianguka karibu na kizuizi alipokuwa amesimamisha gari, akafa. Waliookolewa naye huhesabiwa kwa mamia. Mwaka 2014 Baraza la Usalama liliweka nishani ya ushujaa kwa jina lake, baraza lile lile lililokuwa limepunguza jeshi la Dallaire mpaka watu 270 mwezi wa Aprili 1994, mauaji yakiendelea. (Hapo niruhusuni nishushe pumzi.)

Wengi watasema basi Lemaire angefanya kama Diagne. Hapana. Diagne alikuwa peke yake, akacheza na roho yake, naye alikuwa na haki ya kuicheza. Nadhani wa kulinganishwa naye ni Jenerali Henry Anyidoho wa Ghana, msaidizi wa Dallaire. Yeye naye alikuwa na mamia ya vijana wa watu chini yake, na njia ya kuondoka ilikuwa wazi. Alimwambia Dallaire kwamba Waghana watabaki, ndipo akaiarifu serikali yake. Walibaki zaidi ya 400, wengi kuliko idadi ile ya New York, na maelfu ya watu waliokimbilia Amahoro na kwingineko walilindwa mpaka mwisho. Angaliweza kufukuzwa kazi. Vijana wake wangeweza kuuawa, na leo tungemwita mpumbavu aliyewapotezea wazazi watoto wao. Tazameni, nikiwa nawakataza kupima kwa matokeo, sina budi kujikataza mimi pia: ningemsifu Anyidoho hata kama mambo yangeharibika? Nimelifikiri hili usiku zaidi ya mmoja. Nadhani ningemsifu, lakini kwa sauti ndogo zaidi.

Mvulana mmoja wa kidato cha tatu, ambaye hakupata nafasi ya kusema kwenye mjadala, alinifuata kesho yake akauliza: kwa nini Wabelgiji hawakuwasindikiza watu mpaka Amahoro kwanza, halafu ndipo waende zao? Amri ingetimizwa, ila ingechelewa. Swali lake limenizidi nguvu. Huenda magari hayakutosha, huenda vizuizi vingekuwa vingi, huenda wangeshambuliwa njiani. Lakini ni swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa ukumbini, kwa sababu sisi wote tulikuwa tumegawanyika katika kutii na kuasi, na yeye akatafuta ndani ya amri yenyewe nafasi iliyobaki. Nafasi hiyo mara nyingi ni ndogo. Wakati wa kuitafuta si pale magari yanaponguruma na watu wamelala chini. Mwanafunzi wetu wa zamani mmoja, ambaye ni ofisa na amekwisha kutumwa nje kulinda amani, aliniambia kwamba jioni, kambini, huwakalisha vijana wake akawauliza: kesho mtoto akija kizuizini ana mzigo, hasimami, mtafanya nini? Huwaacha wabishane. Asema wale waliobishana jioni hawapigi risasi ovyo asubuhi.

Wale wavulana watatu wa kidato cha sita sikuwaambia wasiende. Niliwaomba wasome sheria za vita kabla ya kujifunza kupiga saluti, kisha kila mmoja aniandikie kwa karatasi moja angelifanya nini pale getini Kicukiro saa ile ya mchana. Wawili wamekwisha kuleta. Mmoja ameandika kwamba angebaki, mwingine kwamba angeondoka, na wote wawili wameandika kwa uaminifu. Wa tatu amerudisha karatasi tupu, akaomba apewe wiki moja zaidi. Nimempa.

Chama cha mijadala kitakutana tena Jumamosi ya kwanza ya muhula, baada ya chakula cha jioni. Hoja itakuwa ile ile, nami safari hii nimeomba mtu mwingine ashike kengele. Wanaotaka kusema wampe katibu majina yao, na wanafunzi wa zamani walio karibu wanakaribishwa.